Hesabu ya Baba na Hesabu ya Mama

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwa miaka mingi niliichukua methali hiyo kuwa ni ya kuwasema wengine.

Ninaishi Mombo, pale barabara iendayo Moshi na Arusha inapoachana na ile inayopanda Soni hadi Lushoto. Nauza matunda stendi. Basi likisimama, nami husimama dirishani na beseni langu la mapeasi yaliyoshuka kutoka milimani. Mume wangu nami tuliachana, na watoto wawili wakabaki kwangu. Alipoulizwa mahakamani anapata kiasi gani, ili zipangwe fedha za matunzo, alijibu kuwa yeye ni kibarua wa shamba la mkonge na hana kingine. Kumbe ana pikipiki mbili za bodaboda zilizoandikwa jina la mdogo wake, na kila jioni vijana humletea hesabu. Mombo ni mji mdogo, nani asiyejua?

Nilijiuliza: je, kulipinga neno lake ni kudai haki, au ni kulipiza kisasi? Shangazi yangu alinishauri, “Mwanangu, mwachie Mungu. Riziki ya watoto haiko mfukoni mwa mtu mmoja.” Maneno matamu hayo, na nusura niyafuate. Lakini nilipoyatafakari niliona tatizo. Mtu anaweza kusamehe deni lake mwenyewe. Hawezi kusamehe deni analodai mwingine. Fedha zile zilikuwa za watoto. Ukarimu wangu ungekuwa wa kugawa mali isiyo yangu.

Tena sheria zetu zimesafiri mbali kufika hapa. Chini ya sheria ya mwaka 1949, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kupangiwa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi, na sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kumpa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, hata wakiwa mikononi mwa mtu mwingine. Sasa mahakama haitaji tarakimu moja kwa wote. Inatazama hali halisi, na kwa hiyo inategemea watu kusema kweli.

Basi nikaandika karatasi yangu: pikipiki mbili, hesabu ya kila siku, mara siku za mwezi. Nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii nikijiona shujaa. Aliisoma, akaikunja, kisha akaniuliza kwa upole, “Na wewe mama, unapata kiasi gani?”

Nikataja nusu.

Sikupanga kusema uongo. Ulitoka kama pumzi. Afisa akaandika, kisha akanieleza kuwa kifungu cha 44 cha sheria ile ya 2009 kinaitaka mahakama izingatie kipato na mali ya wazazi wote wawili. Njiani kurudi nyumbani nilijitetea: yeye ameficha mengi, mimi kidogo; yeye anakwepa watoto, mimi ninawalisha. Hoja zote mbili zilikuwa za kweli, wala hazikunisafisha. Nilikuwa nikimtaka mwenzangu afungue mfuko wake huku nimeushika wangu kwa mkono mwingine. Nyani haoni kundule.

Wiki iliyofuata nilirudi nikasahihisha. Nilijua kwamba huenda nikapunguziwa, na kwa kweli niliyopangiwa yalikuwa pungufu ya niliyoomba, ingawa yalizidi mara tatu yale aliyokuwa tayari kutoa kwa ukibarua wake. Vijana wa pikipiki waliitwa, wakasema.

Msomaji, sisemi kwamba ukweli hulipa. Miezi mingine fedha huchelewa, nami hufunga safari kwenda kuzidai. Ninachosema ni hiki: kulipinga neno la mwenzako si dhambi, madhali uko tayari neno lako nalo lipimwe kwa pishi ile ile. Ukikataa kupimwa, hapo unatafuta ushindi tu, na watoto umewafanya kisingizio. Wangu siku moja watauliza nani alisema nini. Ningependa niweze kuwajibu bila kuinamisha macho.