Shangwe ya Mwanzo na Deni Lake

Wahenga walisema, Mwanzo wa ngoma ni lele. Neno hili twalikumbuka Karatu siku ya kufungua mashindano ya mbio na michezo, ambayo desturi yake ni kufanywa mwezi wa Desemba. Asubuhi, baridi ya vilima vya Ngorongoro ikali bado, watu huja kutoka vijijini, wazee kwa watoto. Wakimbiaji husimama katika mstari mmoja: huyu ana viatu vizuri, yule hana, huyu alishinda mwaka uliopita, yule hajulikani. Lakini kabla ya ishara kutolewa hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, kwa hiyo wote hushangiliwa sawasawa.

Desturi hii si yetu peke yetu. Huko Marekani, siku ya kufungua majira ya mchezo wa besiboli ni kama sikukuu. Mwaka 1910 Rais Taft mwenyewe alirusha mpira wa kwanza mjini Washington, na marais wengi baada yake wakafanya vivyo hivyo. Siku hiyo hata timu iliyokuwa ya mwisho mwaka jana ina tumaini.

Je, shangwe hii ni upuzi? Wako wasemao hivyo, maana mwanzo haujathibitisha neno lolote. Siku ya kupanda mahindi, wasema, kila mtu ana bidii. Wakati wa palizi ndipo mtu ajulikanapo. Hata darasa la ubatizo, siku ya kwanza viti havitoshi. Baada ya miezi michache mwalimu aweza kuwahesabu wanafunzi kwa vidole. Maneno yao yana kweli. Lakini asiyefurahia kupanda hatakuwa na cha kupalilia. Kosa letu si kushangilia mwanzo, bali kushangilia kisha kwenda zetu.

Tuwafikiri wana wawili wa nchi hii ya juu. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Alitangulia tangu mwanzo hata mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Kumshangilia mtu kama huyu si kazi. Naye John Stephen Akhwari wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake zamani, alikimbia marathoni mjini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Njiani akaanguka, akaumia goti. Walianza watu 75, wakamaliza 57, na Akhwari ndiye wa 57. Alifika akichechemea, mguu umefungwa kitambaa, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watazamaji wengi walikuwa wamekwisha ondoka. Wachache waliobaki wakampigia makofi. Alipoulizwa sababu ya kuendelea, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio tu, bali azimalize.

Jibu hilo twalisifu kwa ajili yake. Yafaa tulisikie kwa ajili yetu pia. Amshangiliaye mtu mwanzoni amemwambia, Mimi ni pamoja nawe. Ahadi ni deni, na deni hili hulipwa mwishoni, jua likiwa kali na uwanja ukiwa mtupu. Basi, ndugu, siku ya kufungua piga vigelegele pamoja na wenzako, wala usione haya. Lakini usiondoke pamoja na mshindi. Mngoje wa mwisho. Na yule mwanafunzi uliyempokea kwa furaha siku ya kwanza, asipoonekana darasani, nenda ukamwulize nyumbani kwake.