Je, Bwalo la Chuo Lina Deni kwa Mkulima?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wenzangu wengi hapa Kicukiro huitumia methali hii kutetea wazo kwamba mabwalo ya vyuo yanunue chakula kilicholimwa Rwanda tu. Nakubaliana nao kwa nusu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, mpaka wa nchi si kipimo kizuri cha ujirani. Mkulima wa Ngara, ng'ambo ya daraja la Rusumo, yuko karibu nasi kuliko mkulima wa mpunga wa Bugarama. Kama hoja ni ukaribu, kwa nini huyu wa Tanzania awe mgeni?

Pili, kuna suala la bei. Mwanafunzi anayeishi kwa posho ndogo akiambiwa alipe zaidi kwa jina la uzalendo, mzigo wa maskini mmoja unahamishiwa kichwani mwa maskini mwingine. Hiyo si haki.

Hata hivyo, naona deni lipo, na linatokana na uwezo. Viazi vya Musanze na Nyabihu havikai muda mrefu. Mkulima asiye na ghala huuza haraka, kwa bei anayotajiwa na mnunuzi. Chuo, kwa upande wake, kinajua idadi ya walaji wake na kalenda ya muhula. Kinaweza kuuahidi ushirika wa wakulima, kabla ya kupanda, kwamba kitanunua kiasi fulani kwa bei fulani. Si lazima bei iwe kubwa. Yatosha ijulikane mapema na malipo yasicheleweshwe. Mwenye uwezo wa kumpunguzia mwenzake hofu bila kujiumiza, kisha akakaa kimya, ana la kujibu.

Ahadi ya namna hii huhitaji watu wanaoweza kufikiana na kuwajibishana. Ndiyo maana nachagua chakula cha karibu, na ndiyo maana "karibu" yangu inafika hata Ngara.

Tangu 2021 mpango wa serikali wa chakula shuleni unahusu shule za awali hadi sekondari. Vyuo vikuu havimo, kwa hiyo uamuzi ni wetu. Nasi walaji tuna wajibu: viazi vikiadimika, tule ndizi, viazi vitamu na isombe bila kunung'unika. Hatuwezi kudai mkulima atimize ahadi yake huku sisi tukidai sahani ileile mwaka mzima.