Kuambiwa na Kuonyeshwa

Nataka leo tufikiri pamoja juu ya neno moja ambalo sisi walimu hulipita kila siku bila kulitazama. Neno lenyewe ni hili: mtu akiambiwa jambo la kweli na mtu anayemwamini, akalishika moyoni, je, amelijua? Na yule aliyemwambia, ana haki gani ya kudai akubaliwe? Nisingalishughulika na swali hili kama lisingalinipata shambani, hapa Mlali, mbele ya watu, hata nikaona haya.

Ndugu wawili walirithi shamba la baba yao, kadiri ya ekari moja na kidogo. Shamba hilo lina pembe tatu. Upande mmoja wafuata njia, nao ni hatua 120. Wa pili wapanda kutoka njiani wima kabisa, hatua 90, mpaka penye mbuyu. Wa tatu washuka mshazari toka mbuyuni hata njiani tena, hatua 150. Wazee waliamua ligawanywe sawasawa, nami kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu nikaitwa. Nikahesabu hatua 60 njiani, nikapiga kigingi, nikavuta kamba toka kigingi hata mbuyuni, nikasema, "Basi, hizi ni nusu mbili."

Mdogo alipewa kipande chenye ule upande wa wima. Hakusema neno, ila alikizunguka akihesabu, akapata hatua 258. Kisha akazunguka kipande cha kaka yake, akapata 318. Akarudi akasema, "Mwalimu, mwenzangu amenizidi hatua 60."

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, vitako ni sawa, na kimo ni kimoja, yaani hatua 90. Akauliza, "Kimo cha kipande cha kaka kiko wapi?" Nikamwonyesha ule upande wa wima. "Lakini huo ni mpaka wangu mimi," akasema. "Kimo gani hiki kinachokaa katika shamba la mtu mwingine?" Watu wakacheka. Nami, badala ya kujibu, nikasema ndivyo ilivyoandikwa kitabuni. Akanitazama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, umeniambia. Hujanionyesha."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipokosa. Kanuni ile nilifundishwa kwa kuimba, nami kwa miaka mingi nimewaimbisha watoto wa watu. Ni kweli, lakini ukweli wake haukuwa wangu. Na maneno niliyoyatumia, kwamba kitabu chasema hivyo, na mwongo naye angeyatumia vivyo hivyo kama angetaka kumdhulumu yule kijana. Kwa masikio ya msikiaji hapakuwa na tofauti kati yangu na mwongo.

Usiku ule nikatafuta katika simu. Siku hizi masomo ya jiometri yamejaa katika intaneti, na mtu aliye kijijini aweza kukaa miguuni pa walimu ambao baba zetu hawakuota kuwaona. Salman Khan, mmoja wao, alianza mwaka 2004 kumsaidia binamu yake hesabu kwa mbali, na tangu 2006 akawa anatia masomo yake YouTube, ambako kila mtu aweza kuyatazama. Mengi ya masomo haya ni ya Kiingereza, kwa hiyo vitako na vimo tulivyovijua kwa Kiswahili katika shule ya msingi hutujia kwa majina ya kigeni. Hiyo nayo ni taabu, lakini si ya leo.

Nikaona masomo juu ya vitabu 13 vya Euclid, aliyefundisha Iskanderia yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Nikastaajabu. Jambo la 38 la kitabu chake cha kwanza ndilo hasa shamba la ndugu wale wawili: pembetatu zenye vitako sawa, zilizo kati ya mistari miwili iliyo sambamba, huwa sawa kwa eneo. Nikatazama mkono ukichora, mistari ya rangi ikitokea mmoja mmoja, na sauti ikieleza polepole. Nikasema, "Kumbe ni rahisi!" Nikalala nimefurahi.

Asubuhi nikachukua kijiti nikachora mavumbini. Sikufika popote. Mstari wa tatu tu, nikasahau ulikwenda wapi na kwa sababu gani. Usiku nilikuwa nimeambiwa mara ya pili, ila safari hii kwa rangi nzuri zaidi! Tena niliwakumbuka wanafunzi wangu waninakilio uthibitisho neno kwa neno, nami nawapa alama zote.

Sisemi video hizo ni mbaya. Zina fadhili ambayo mwalimu aliye hai hana: huweza kusimamishwa katikati ya neno, wala hazikasiriki. Basi nikaanza kuzisimamisha. Kila mwalimu yule alipokuwa karibu kusema "kwa hiyo", nilimnyamazisha, nikatafuta mimi mwenyewe hiyo "kwa hiyo". Mara nyingine ilinichukua saa nzima kwa dakika moja ya somo. Lakini siku ya nne niliweza kuacha simu nyumbani.

Kuna kitabu cha Plato, Meno, ambamo Socrates amwita mtumwa mmoja kijana asiyesoma kamwe, amwuliza jinsi ya kupata mraba ulio mara mbili ya mraba mwingine. Kijana ajibu kwanza kwamba aurefushe upande mara mbili. Akosea, aona mwenyewe amekosea, na mwisho aona kwamba mraba uliojengwa juu ya mshazari ndio wenyewe. Bwana wake amesimama kando akitazama. Mimi naona ukubwa wa habari hii hapo: katika mambo mengine yote neno la bwana lilimshinda mtumwa, lakini katika jambo hili bwana hakuwa na neno la kuongeza. Anayethibitisha hamwombi mwenzake amwamini; humpa uwezo wa kumkatalia.

Mtu ataniuliza, "Je, tusiamini lolote mpaka tuthibitishiwe?" La. Mgonjwa humeza dawa bila kujua imefanywaje, naye hana kosa, wala mganga hana kosa. Maisha hayatoshi kuthibitisha kila kitu. Lakini nadhani neno letu linapomwondolea mtu kitu chake, au linapoonekana kumwondolea, na njia ya kumwonyesha ipo, basi kumwonyesha ni deni. Na asiyejua kuonyesha na akiri hivyo mapema, kabla hajapiga kigingi.

Nikamrudia yule kijana, nikamwomba kamba na vigingi. Tulifanya kipande chake kuwa nusu ya shamba la mstatili, hatua 60 kwa 90. Akaona mwenyewe kwamba mshazari huukata mstatili katikati. Kisha tukafanya shamba zima la baba yao kuwa nusu ya mstatili wa hatua 120 kwa 90. Nikamwuliza, "Mstatili mdogo ni sehemu gani ya ule mkubwa?" Akasema, "Nusu." Nikanyamaza. Akasimama kitambo kirefu akitazama mbuyu, akasema, "Basi nusu ya mdogo ni nusu ya nusu ya mkubwa. Changu ni nusu ya shamba la baba. Kilichobaki ni chake, nacho ni nusu." Wala kimo hatukukitaja.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini akainama, akashika udongo, akasema, "Vipande ni sawa, Mwalimu, nimeona. Lakini upande wangu una korongo, na mvua huchukua udongo. Je, mistari yako yaona korongo?"

Haiyaoni. Euclid mwenyewe aliomba kwanza akubaliwe mambo machache, ndipo akajenga. Na pale ulimwengu usipofanana na yale aliyoyaomba, jengo halitusaidii. Sisi wa wilaya ya Kongwa tuna ushahidi wake karibu. Mwaka 1946 John Wakefield na wenzake waliandika mpango wa kulima karanga kwa mashine katika ekari 3,210,000, na mwaka 1947 kazi ikaanza hapa Kongwa. Karatasi zilikuwa na hesabu nyingi, nazo zilisimama juu ya mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli: kwamba mvua itatosha, na kwamba udongo utalimika. Mvua haikutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu, ukaharibu majembe. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi za Waingereza zilikuwa zimepotea.

Basi nikamwambia yule kijana kwamba juu ya korongo sina uthibitisho wowote, na kwamba kaka yake na wazee watalijua kuliko mimi. Akaenda kuwaita. Tukashuka wote pamoja kulitazama, mimi nikiwa nyuma nimebeba kamba.