MWALIMU NA MWANAFUNZI KATIKA KURA MOJA

Somo: 1 Nyakati 25:6-8



Katika somo letu Mfalme Daudi anawapanga waimbaji na wapiga vinanda wa nyumba ya Bwana. Jumla yao walikuwa 288, wakagawanywa makundi 24 ya watu 12. Zamu zao ziliamuliwa kwa kura, na hakuna aliyetangulizwa kwa ukubwa wake. Mwalimu na mwanafunzi walitiwa katika kura moja. Nimelisoma somo hili mara nyingi, lakini nimelielewa juzi tu, nikiwa mstaafu, kwa sababu ya gitaa la besi.

Mpiga besi wa kwaya ya vijana alihamia mjini. Nikaombwa nimfundishe mtoto wa miaka 12, kwa kuwa ujanani nilipiga besi katika bendi ya chuo cha ualimu. Nikaanza kama nilivyozoea darasani. Nikamwandikia ubaoni majina ya nyuzi nne, E, A, D na G, kuanzia ule mnene kuliko yote. Nikampa ngazi za sauti azikariri. Nikadai azipige zote Jumamosi ya pili.

Sikuutazama mkono wake. Shingo ya besi ni ndefu, na kule karibu na kichwa vyuma vyake vimeachana sana. Vidole vya mtoto havifiki, nyuzi ni nene, ngozi inawaka. Kila alipobonyeza, sauti ilikwaruza. Jumamosi ya tatu, mbele ya kwaya nzima, nilimnyang'anya gitaa nikasema, "Huna sikio wewe!" Akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Jumamosi mbili hakuonekana.

Nilijiambia kwamba mtoto ni mvivu. Lakini kila nilipopiga magoti usiku, neno lile lilinirudia. Hatimaye nikaenda kwao. Mama yake alidhani nimekuja kumshtaki, akamwita kwa ukali. Nikasema, "Mama, mwenye kosa ni mimi." Kisha nikamgeukia mtoto: "Mwanangu, nilikukosea mbele za watu. Nisamehe." Akatazama chini, halafu akauliza, "Mwalimu, kwani gitaa bado lipo?"

Na kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya kwaya, niliomba radhi mbele ya kwaya.

Tukaanza upya. Safari hii nilimwanzisha kwenye chuma cha tano, mahali vyuma vinapokaribiana. Nikamwonyesha abonyeze nyuma kidogo tu ya chuma, ili sauti isikwaruze; na kwa mkono wa kulia atumie vidole viwili kwa zamu, cha shahada na cha kati, kama mtu anayetembea. Nikampa sauti moja, do, aipige pamoja na ngoma kubwa. Wiki mbili tulikaa na do. Kisha tukaongeza fa na so; na kwa sauti hizo tatu mtu huweza kusindikiza nyimbo nyingi tunazoimba. Mimi nami nilijifunza kunyamaza na kungoja, somo gumu kwa mwalimu mzee.

Jumapili iliyopita alipiga ibadani kwa mara ya kwanza. Alikosea mara mbili katika wimbo wa sadaka. Nilikuwa viti vya nyuma, nikasikia jinsi sauti ile nene ilivyowashika waimbaji wasikimbie.

Wazazi, walimu wa Shule ya Jumapili, wazee wa kanisa: ni watoto wangapi tumewaambia hawana sikio, hawana sauti, hawana akili? Wengine hawakurudi tena, nasi tukasema vijana wa siku hizi hawampendi Mungu. Kama yuko mtoto uliyemvunja moyo, usingoje aje yeye. Nenda kwao wiki hii. Heshima yako haitapungua. Mbele za Bwana wewe na yeye mko katika kura moja.

Bwana atupe moyo wa kufundisha kwa upole, na wa kuomba radhi tunapokosa. Amina.