Ua la Shaba

Ukisafiri kutoka Kolwezi kwenda Fungurume, miti ya miombo inakusindikiza pande zote mbili za barabara. Kisha kinatokea kilima kitupu: nyasi fupi, mawe, hakuna mti hata mmoja. Mgeni husema wachoma makaa wamekimaliza. Amekosea. Kilima kile hakijawahi kubeba msitu, kwa sababu udongo wake umejaa shaba, na shaba ikizidi huua mizizi. Mimea michache tu imeizoea sumu hiyo. Mmoja wao ni mmea mdogo wa maua ya zambarau ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense. Watu wengi wanalijua kama ua la shaba.

Wahenga waliotafuta madini huku kabla ya kuja Wazungu hawakuwa na mashine ya kupimia udongo. Walikuwa na macho. Walikisoma kilima kisicho na miti, wakaliona jiwe la kijani likichungulia kwenye nyasi, wakajua pa kuanzia.

Nimelikumbuka ua hili kwa sababu ya swali ninaloulizwa na vijana wa mji wetu wa Kolwezi karibu kila juma: “Mkubwa, nipe wazo la biashara.” Wanaliuliza kama mchimbaji anavyoulizia mshipa wa madini, kana kwamba wazo limezikwa mahali fulani, kuna mtu anayejua ni wapi, na atakayewahi ndiye tajiri. Siwalaumu, maana mji ndio uliotulea hivyo. Lakini naamini fikra hiyo inatuponza.

Sisi wa jimbo la Lualaba tulilelewa kungoja mambo mawili: jiwe na mwajiri. Tangu siku za kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines iliyochukua nafasi yake mwaka 1967, watu walisema kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Ilitoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha tani 476,000 hivi za shaba. Septemba 1990 mgodi wake wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, nchi nayo ikaingia kwenye machafuko, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu kuhusu familia za wafanyakazi hao, akakipa jina lenye uchungu: Bana Shaba, wana wa shaba, walioachwa na baba yao. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa fedha za mkupuo ili waondoke kazini. Watu waliozoea kupewa unga kwa siku maalumu sasa walitakiwa kuamka na kujiuliza: nifanye nini?

Nyumbani kwetu swali hilo lilikuwa limefika mapema zaidi. Baba alikuwa fundi katika kampuni ndogo iliyofanya kazi za pembeni migodini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mshahara wake ulipoanza kuchelewa, kwanza majuma, kisha miezi, mwisho ukakoma. Mama ndiye aliyeibeba nyumba.

Alianza kama wengi wanavyoanza, kwa kuiga. Mtaani kwetu kulikuwa na wanawake sita waliopima unga wa mahindi kwa kopo, naye akawa wa saba. Baada ya miezi miwili mtaji ulikuwa umeliwa, kwa sababu wote saba waliuza unga uleule, kwa bei ileile, kwa majirani walewale wasio na faranga. Akajaribu mandazi. Hadithi ikawa hiyohiyo.

Kilichombadilisha kilitokea mwezi wa kumi, ule mwezi wetu wa joto kabla mvua hazijashika. Alikuwa ameketi kando ya njia ya Luilu na beseni lake la mandazi, wanaume wakitoka kazini kwa miguu. Mmoja akaomba maji. Mama akampa. Akanywa vikombe viwili, akauliza: “Mama, hakuna kitu cha kunywa kinachoshika tumbo?” Mama akajibu hakuna. Kesho yake mwingine akauliza vivyo hivyo. Siku ya nne, wa tatu. Usiku huo akamwambia baba: “Watu hawa hawataki mandazi makavu kwenye jua hili. Wanataka munkoyo.”

Kwangu mimi, pale ndipo mama alipoliona ua la shaba. Hakuota ndoto wala hakuvumbua kinywaji. Munkoyo ni wa mabibi zetu, wa upande huu na wa ng'ambo ya mpaka Zambia. Alichokiona ni shida iliyorudi mara tatu kutoka vinywa vitatu, mahali pamoja, saa ileile, na hapakuwa na mtu anayeijibu.

Hata hivyo, aliyeliona ua bado hajapata shaba, na ni hapa ninapotaka vijana wanisikilize vizuri zaidi.

Munkoyo hupikwa hivi. Unachemsha uji wa mahindi, unauacha upoe hadi mkono uweze kuuvumilia, kisha unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo huchimbwa porini, na ndani yake mna nguvu ya kuvunja wanga: uji mzito huwa mwepesi na kuwa mtamu bila sukari. Unauchuja, unaufunika, unauacha ulale usiku mmoja, na asubuhi una uchachu mzuri. Mizizi ikitiwa uji ungali moto sana, hiyo nguvu inakufa. Munkoyo ukikaa siku moja zaidi, unakuwa mkali.

Vyungu vya kwanza vya mama viliharibika. Kimoja kilikuwa kizito kama uji wa mtoto, kingine kichungu kwa sababu ya mizizi mingi. Tulivinywa sisi watoto, hakuvitupa. Kisha akaanza kuandika. Alikuwa na daftari langu la shule lililobaki nusu, akaandika kila siku: unga makopo mangapi, mizizi kiasi gani, vikombe vingapi vimeuzwa, vimebaki vingapi, nani amekopa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mama aliishi kwa methali hiyo. Kutoka kwenye daftari aligundua kwamba siku za Jumatatu munkoyo hauuziki sana na siku ya malipo unakwisha kabla ya saa nane. Akaacha kupika kwa kubahatisha.

Jambo la mwisho alilofanya ndilo lililompa jina. Kipindupindu kilikuwa tishio, na watu waliogopa vinywaji vya barabarani. Mama akawa anaosha vikombe kwa maji aliyoyachemsha, mbele ya mteja, bila kuficha chochote. Ilimgharimu makaa mengi, na majirani walimwona anapoteza faida. Baada ya mwaka mmoja wanaume walikuwa wakiwapita wauzaji wawili kumfuata yeye. Munkoyo ule ulitusomesha watoto wanne.

Nikisoma historia ya jimbo letu naikuta njia ileile aliyopita mama. Jiwe la kijani, malakiti, ukilishika mkononi bado si shaba. Wasanga walioyeyusha shaba hapa, wale walioitwa wala shaba, walingoja kiangazi baada ya mavuno. Wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makaa, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ilipoyeyuka waliimwaga katika kalibu na kupata msalaba. Misalaba ya namna hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Bonde la Upemba, na kwa muda mrefu ilitumika kama fedha.

Baadaye, katika karne ya 19, alikuja M'siri kutoka Unyamwezi, nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania, akifuata njia ya biashara ya shaba aliyoipita baba yake. Alijenga utawala wake Bunkeya, na soko lake likavuta misafara ya mbali. Utawala ule uliuza pia watu, na dhambi hiyo haifai kusahauliwa. Lakini mafundi wa Wayeke, watu wa M'siri, walifanya jambo la kuzingatia: shaba ileile ya misalaba waliivuta ikawa uzi mwembamba wa kusukia bangili. Mtu aliyetaka kujipamba hakuwa na haja ya msalaba mzito. Jiwe halikubadilika. Kilichobadilika ni kumtazama mnunuzi.

Sasa tulinganishe na Kasulo. Mwaka 2014, katika mtaa huo wa Kolwezi, mtu mmoja alichimba uani kwake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Habari ikaenea. Muda si mrefu watu walikuwa wakichimba uani, sebuleni, vyumbani wanamolala, mashimo yakapita chini ya nyumba za jirani, kuta zikapasuka, na wengine wakafukiwa. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wakahamishwa, na mnunuzi mmoja akapewa haki ya kununua madini ya hapo. Kila mtu alikuwa na wazo, na wazo lilikuwa moja. Sijasahau njaa iliyowasukuma, na simcheki aliyechimba sakafu ya nyumba yake ili watoto wale. Nasema tu kwamba mshipa unaoigwa na mtaa mzima hauachi mtaa.

Tabia hii haiishii migodini. Mmoja akifungua duka la dawa, mwaka unaofuata barabara ina maduka ya dawa kumi. Mmoja akinunua pikipiki ya kubebea abiria, vijana mia wananunua. Tunachimba wazo la jirani mpaka linaporomoka.

Na taifa linafanya kama mtaa. Congo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba. Tunaipeleka nje kama hidroksidi, unga ambao bado haujawa betri. Bei ilipoanguka sana, serikali ilisimamisha usafirishaji wake mwezi wa pili mwaka 2025, ikaongeza muda, kisha mwezi wa kumi ikaweka mgao kwa kila kampuni. Mama anayeuza bukari na sombe karibu na soko la madini la Musompo hana betri wala hisa, lakini mnunuzi wa madini akifunga ghala, sufuria zake zinabaki zimejaa. Mwaka 2022 Congo na Zambia zilitia saini mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Natamani kuuona moto wa tanuri hilo. Mpaka uwashwe, sisi ni watu walioliona ua na kuuza udongo.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Usitafute wazo kwa kutazama mali ya mwenzako. Tafuta lalamiko linalorudi. Pale Musompo wachimbaji wamelalamika miaka mingi kwamba hawaamini mizani ya mnunuzi, wala kile kifaa cha kupimia kiwango cha madini wanachokiita Metorex, kwa sababu kipimo kinashikwa na yule anayelipa. Lalamiko hilo ni ua la shaba. Umeme unakatika mjini wakati Mto Lualaba unazungusha mitambo ya Nzilo na Nseke: ua jingine. Unga wa mahindi tunaungoja kutoka Zambia huku tuna ardhi na mvua: ua la tatu, na hilo ni kubwa kuliko kilima chochote cha Fungurume.

Ukiliona, anza kwa chungu kimoja. Kiharibike kikiwa kimoja, usiharibu vyungu mia kwa mkopo. Andika kila kilichoingia na kilichotoka. Rekebisha kile mteja anachokulalamikia, hata kama kinakugharimu makaa. Jina lako lilinde, maana mtu anaweza kuiga kinywaji chako kwa siku moja, lakini hawezi kuiga miaka ya maji yaliyochemshwa.

Najua nguvu ya mtu mmoja ina kikomo. Hakuna ubunifu unaoziba pengo la mwajiri asiyelipa, wala daftari linalojenga barabara. Wenye mamlaka wana deni kwa watu wa mji huu, na tuendelee kulidai. Lakini deni hilo lisiwe sababu ya kukaa barazani tukingoja baba mwingine aje na magunia ya unga.

Kesho, kabla hujaniomba wazo, nenda ukae kando ya njia wanayopita watu wa mtaa wako. Usiuze kitu. Sikiliza wanachoomba na kukikosa. Lalamiko likirudi mara tatu, njoo tuzungumze.