Mwalimu wa Zamu Yuko Wapi?

Wanafunzi walipotaka kujua nani aliye mkubwa, Bwana wetu alimsimamisha mtoto katikati yao (Mathayo 18). Ndugu zetu Wakatoliki walikuwa na Don Bosco, padre wa Turin aliyefungua shule kwa wavulana maskini. Mwaka 1884 aliandika barua toka Roma, akisikitika kwamba walimu wameacha kucheza na wavulana, sasa wanatazama kwa mbali tu. Sisi tuliofundisha twajua: mtoto haonewi mbele ya ubao. Huonewa bombani, bwenini na njia ya chooni, hasa mgeni wa kidato cha kwanza. Nasi, tukiri, saa hiyo tulikuwa tunakunywa chai. Wazazi wenye watoto katika shule za misheni, za kwao au zetu, ulizeni mkutanoni: usiku bwenini huzunguka nani?