Mgeni na Mwenye Zamu

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ni mwenyeji yupi?

Mwaka 2024 NiJaree Canady, mrushaji hodari wa softboli, alihama Chuo Kikuu cha Stanford akaenda Texas Tech kwa mkataba uliozidi dola milioni moja. Msimu uliofuata timu yake mpya ilifika fainali ya vyuo vya Marekani kwa mara ya kwanza. Naam, wenyeji walipona. Lakini mrushaji husimama peke yake ndani ya duara, futi 43 kutoka kwa mpigaji, na duara hilo halikai wawili. Kila apokewapo mrushaji mpya, huenda yuko msichana aliyekuwa akiingoja zamu hiyo kwa miaka.

Je, huyo naye tumdai furaha? Nadhani la. Adabu twaweza kumdai. Furaha ni mali yake mwenyewe. Ukarimu wa timu nzima usilipwe na mmoja. Kocha na amwambie ukweli mapema, si kumwacha ajionee uwanjani. Mgeni apokewe kwa shangwe, lakini wa kwanza kufuatwa awe yule anayempisha.